MAHAME YETU: TUWAPELEKE WATOTO WAKAYAONE

Ndugu msomaji, neno mahame unalijua. Ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama, wala hawakurudi. Hapa kwetu Masuguru, na pande zote za Handeni na Korogwe, mahame si kitu kigeni. Ukipita porini ukakuta mwembe mkubwa umesimama peke yake, na chini yake vigae vya vyungu na mafiga yaliyofunikwa na majani, huhitaji kuambiwa. Hapo palikuwa na mji wa mtu. Watoto walizaliwa hapo, mahindi yalitwangwa hapo, wafu walizikwa hapo.

Lakini je, umepata kufikiri kwamba hata mji mkubwa waweza kuhamwa? Si nyumba tatu za miti na udongo, bali mji wa mawe, wenye msikiti, visima na biashara ya ng'ambo? Pwani yetu ina miji ya namna hiyo, na mmoja wapo hauko mbali. Ukipanda basi Korogwe asubuhi, mchana umekwisha kufika. Wageni huvuka bahari kuja kuitazama miji hiyo, nasi tulio jirani twaipita njiani tukidhani ni mawe tu. Leo tuizungukie pamoja, tuone iliishi namna gani na ilikufa kwa sababu gani. Kisha nitakuomba jambo moja.

Wenzetu wa mbali

Kwanza tutupe macho Marekani, upande wa magharibi, katika jimbo la California. Huko milimani mtu mmoja aliona dhahabu mwaka 1859, na baadaye mji ukaota mahali pale kama uyoga baada ya mvua. Uliitwa Bodie. Kufika mwaka 1880 ulikuwa na maelfu ya watu, maduka, shule na vilabu vya pombe visivyo na hesabu. Dhahabu ilipopungua, watu walifunga mizigo. Mwaka 1932 moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji, na waliobaki wakaondoka mmoja mmoja.

Sasa sikiliza wenzetu walivyofanya. Mwaka 1962 serikali ya jimbo iliufanya mji ule kuwa hifadhi. Hawakuujenga upya, wala hawakuubomoa. Huzuia tu usianguke. Ukichungulia dirishani waona meza, chupa na madawati ya shule, vyote na vumbi lake. Ni marufuku kuokota hata msumari. Wako wageni waliookota vitu wakavipeleka kwao, kisha wakavirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi, wakisema kwamba tangu siku ile bahati mbaya imewaandama. Mimi sikuambii uamini mambo ya bahati mbaya. Nakuambia tu kwamba msumari wa mji uliokufa jana watunzwa, nasi tunayo mawe ya miaka mia sita.

Tongoni

Basi turudi kwetu. Shika njia ya Segera na Muheza mpaka Tanga, kisha ushike njia ya kusini iendayo Pangani. Kadiri ya kilomita 17 hivi kutoka Tanga mjini utafika kijiji cha Tongoni, karibu na bahari. Jina lenyewe latosha kukuonya, kwa maana tongo kwa Kiswahili cha zamani ni mahame. Utakuta magofu ya msikiti wa mawe na matumbawe, na kando yake makaburi zaidi ya 40. Mengi ya makaburi hayo yalijengewa nguzo juu yake, na hakuna mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki palipo na makaburi ya nguzo mengi kama hapo pamoja.

Tongoni uliishi vizuri katika karne ya 14 na ya 15. Wenyeji wake walikuwa Waswahili Waislamu waliofanya biashara na watu wa bara na watu wa ng'ambo. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alipokuwa akitafuta njia ya kwenda India, merikebu yake moja iliyoitwa São Rafael ilikwama katika mafungu ya pwani hiyo. Ilikwamuka maji yalipojaa. Mwanzoni mwa mwaka 1499, katika safari ya kurudi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Ndipo wakaichoma moto ileile São Rafael pwani hapo hapo. Milima waliyoiona kwa mbali, ambayo sisi twaijua kuwa ni Usambara, waliipa jina la merikebu hiyo. Kumbe milima ya kwetu iliandikwa na watu wa Ulaya zaidi ya miaka 500 iliyopita, kwa sababu ya chombo kilichokwama.

Leo nguzo nyingi za Tongoni zimekwisha kuanguka. Ukitazama zile zilizobaki utaona matundu ya mviringo. Humo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyotoka China na nchi za mashariki, yawe pambo na heshima kwa marehemu. Mabakuli hayapo. Yamebaki matundu.

Sababu za mji kufa

Watu wengi hudhani kwamba mji hufa kwa vita tu. Si kweli. Tazama mifano hii.

Wa kwanza ni maji. Kule Kenya, karibu na Malindi, uko mji wa Gedi ndani ya msitu. Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na humo zilipatikana fedha za China, shanga za Venice na taa ya chuma kutoka India. Watu wa Gedi walikuwa na misikiti, nyumba za mawe na vyoo vya ndani. Lakini visima vyao vilizidi kukauka, wakavichimba chini zaidi na zaidi. Tena palikuwa na vita vya Wareno na hofu ya maadui kutoka kaskazini. Katika karne ya 17 mji ukawa mtupu. Mwaka 2024 Gedi uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Maji pia ndiyo habari ya Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa Arusha. Huko hapakuwa na wafanya biashara wa baharini. Palikuwa na wakulima kama sisi. Tangu karne ya 15 hata karne ya 18 walijenga kwa mawe makavu, bila chokaa wala saruji, matuta ya mashamba na mifereji ya kuleta maji kutoka mtoni, katika eneo la kilomita za mraba 20 hivi. Kisha mito ikapungua maji, nao wakatoweka. Mifereji ingali inaonekana. Wewe mkulima, ukienda kuitazama, utafahamu mara moja kwamba waliokaa pale walikuwa wenye akili na bidii.

Wa pili ni biashara kugeuza njia. Kilwa Kisiwani ulikuwa mji mkubwa kupita yote ya pwani ya kusini. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake, na masultani wake walipiga fedha zao wenyewe za shaba. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika mwaka 1331 akausifu sana. Mwaka 1505 Wareno walikuja na mizinga wakauteka na kuupora. Baada ya hapo dhahabu ilishika njia nyingine. Mji uliinuka tena kidogo katika karne ya 18, lakini haukupata utukufu wake wa kwanza. Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, maana bahari na mvua zilikuwa zinayala. Mafundi na wanakijiji walifanya kazi ya kuyatengeneza, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo. Twaona basi kwamba mahame yaweza kuokolewa, watu wakitaka.

Wa tatu ni bandari kuharibika. Kaole, kilomita chache kusini ya Bagamoyo, ulikuwa na msikiti tangu karne ya 13. Majahazi yalitia nanga karibu na mji. Mikoko na matope yakaijaza bandari, wafanya biashara wakahamia Bagamoyo. Leo ukisimama kwenye makaburi ya Kaole waona mikoko tu mahali palipopita tanga.

Bagamoyo na Saadani

Bagamoyo wenyewe si mahame, kwa maana watu wamo tele. Hata hivyo mji wa zamani una nyumba nyingi zilizobaki kuta tu. Hapo ndipo misafara ya bara ilipoishia, wapagazi wakatua pembe za ndovu, na watumwa wakangoja majahazi ya Unguja. Wajerumani waliufanya mji mkuu wao, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam penye bandari yenye kina. Reli ya kati ilipojengwa kutoka Dar es Salaam kuanzia mwaka 1905, misafara ya miguu ikakoma, na Bagamoyo ukabaki na kumbukumbu.

Kumbukumbu hizo zatuhusu sisi Wakatoliki hasa. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafungua misioni Bagamoyo, wakakaribisha watumwa waliokombolewa, wakawapa mashamba na nyumba. Mwezi wa Februari mwaka 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa Dakta Livingstone, baada ya kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Ulilazwa katika kanisa la misioni kabla ya kupelekwa Unguja na hatimaye Uingereza. Katika nyumba ya zamani ya masista sasa mna makumbusho. Utaona humo minyororo ya watumwa, picha za kale na vitu vya kazi vya wakati ule. Mtoto akitazama mnyororo ule kwa macho yake, hutahitaji kumweleza maneno mengi juu ya utumwa.

Na nyinyi wa Handeni, msisahau Saadani. Kabla ya Wajerumani, Saadani ilikuwa bandari ya nguvu ya Uzigua, chini ya Bwana Heri bin Juma. Mtu huyu alipigana na Wajerumani mwaka 1889 na 1890, akapata kuwasumbua sana. Mji wake ulishambuliwa ukachomwa. Leo Saadani ni kijiji cha wavuvi kando ya hifadhi ya wanyama, na wengi wetu twaijua kwa habari ya simba na tembo tu.

Mahame ya juzi

Usidhani ni mambo ya kale peke yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta mengi, na mengine yaliundwa kutoka vifaru vya vita. Walijenga nyumba, hospitali, reli na bandari ya Mtwara. Lakini hawakuuliza vya kutosha habari za mvua na udongo. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 kazi ikaachwa, na hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Reli ya Nachingwea ilifungwa baada ya uhuru na vyuma vyake vikang'olewa. Kongwa ikapata kazi nyingine, kwani tangu mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na nchi nyingine walipewa kambi hapo.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yakatambaa mpaka Muheza, Korogwe na mbali zaidi. Kufika mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakadhoofika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikupatikana hata tani 30,000. Yako mashamba yaliyofufuka, lakini yako pia makambi yaliyobaki kuta bila paa, na mitambo iliyoota kutu katikati ya magugu. Hayo ndiyo mahame yetu, wala hayajatimiza miaka mia.

Nani alikaa katika makambi hayo? Ni babu zetu. Wengine walitoka Songea, Kigoma, Njombe na Rungwe, wengine Msumbiji, Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba, kwa sababu katika vitabu vya shamba mtu alijulikana kwa namba. Wengi hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakazikwa hapa. Makaburi yao hayana nguzo wala mabakuli ya China. Mengi hayana hata msalaba, kwa kuwa mti huliwa na mchwa.

Jambo ninalokuomba

Ndugu msomaji, mji hufa mara ya kwanza watu wanapohama. Hufa mara ya pili majirani wanapochukua mawe yake na kusahau majina ya waliokaa. Mauti ya kwanza mara nyingi hayana dawa. Ya pili twaweza kuyazuia.

Wako watu wanaobeba mawe ya magofu kujengea msingi. Wako vijana wanaochimba usiku katika maboma na makaburi, eti wanatafuta mali iliyofichwa na Wajerumani. Huuza mbuzi kumlipa mganga, huchimba mashimo yanayoweza kuwafukia, na asubuhi hawana kitu ila malengelenge. Hasara kubwa ni ile wasiyoiona, kwani wamekwisha kuvuruga kitu ambacho mtaalamu angekisoma kama kitabu. Gae likiondolewa mahali pake huwa gae tu. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza. Majengo ya kabla ya mwaka 1886 na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 ni vya kulindwa. Ukiokota shambani kitu cha ajabu, usikiuze kwa mpita njia. Mpelekee habari mwenyekiti wa kijiji, naye aifikishe kwa wahusika wa mambo ya kale.

Kisha nenda ukaone. Parokia ikikodi basi kwenda kuhiji Bagamoyo, ombeni siku irefushwe kidogo mfike na Kaole. Walimu na wazazi wanaweza kupeleka watoto Tongoni na kurudi siku ileile. Mkiwa Tanga, ulizeni makumbusho ya Urithi katika Boma la zamani la Wajerumani. Chukueni maji na chakula, lipeni kiingilio, mfuateni mlinzi. Msipande juu ya kuta wala kuandika majina yenu kwa mkaa. Makaburi ya Tongoni na Kaole ni ya ndugu Waislamu, na mpaka leo wako wanaofika huko kuomba dua. Tuyaheshimu kama tunavyotaka makaburi yetu yaheshimiwe.

Na kwa mahame ya hapa kwetu, huhitaji nauli. Nunua daftari moja. Mkalishe bibi au babu jioni, umwulize: Kambi ile iliitwaje? Nani alikuwa nyapara? Mlitoka wapi, mlikuja kwa miguu au kwa gari moshi? Nani amezikwa chini ya mwembe ule? Andika jina la mtu, jina la baba yake na kwao alikotoka. Usingoje mpaka mzee augue. Mimi nashika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, nami nakuhakikishia kwamba watu huja kuniuliza majina ya wazee wao wakati hapana tena wa kuulizwa. Kitabu humjibu mmoja, na mwingine hurudi nyumbani bila jibu.

Mwenye kadi ya zamani ya kazi, kipande cha manamba, picha au barua, asiifanye ya kuwashia moto. Aifunge katika nailoni aiweke sandukuni, mbali na mchwa na panya. Hilo ni makumbusho ya nyumba yako. Na watoto wakikuuliza kwa nini wahifadhi makaratasi yaliyochakaa, wasomee jina la kwanza lililomo, uwaambie huyo ni nani kwao.